Sonona, utani na wajukuu: niliyoyapitia Katuba

Mtu aliyeshikwa na sonona, ule ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoondoka, hachekeshwi. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi walionipenda walijaribu kunichekesha, na kila walipojaribu nilizidi kuzama. Naandika pia nikiwa mtu ambaye kicheko kilikuwa sehemu ya kupona kwake, pamoja na dawa, pamoja na wagonjwa wenzangu, pamoja na mjukuu wa miaka saba asiyejua hata jina la ugonjwa wa kambo yake, yaani nyanya yake. Kati ya hayo mawili kuna njia, nami nimeipita. Nataka kuieleza kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi amekaa na mgonjwa wake nyumbani, katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Kongo, iwe Katuba au Kenya au Ruashi, na hajui aseme nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, na ni mjane. Mume wangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpaka mwaka 2003, akatoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Miaka iliyofuata alilima mahindi nje ya mji, akatengeneza baiskeli za watu, akazeeka. Alipokufa, wajukuu walifanya kazi yao kwenye kilio. Msomaji wa mbali huenda akashangaa, ila kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake hata akiwa ndani ya jeneza. Mmoja alivaa kofia yake ya kazini na viatu vyake vikubwa, akapita katikati ya watu akikohoa kikohozi chake, akaja kusimama mbele yangu: "Bibi yangu, bukari iko wapi?" Kwetu bibi ni mke, na bukari ni ugali. Wengine walilala chini mbele ya gari wakisema maiti haiendi makaburini mpaka walipwe deni lao. Nilicheka. Machozi yalikuwa usoni na nilicheka, na hakuna aliyeniona mkosefu.

Nimekitaja kicheko kile kwa sababu ndicho kilichokuja kuwa kipimo changu. Mwenye msiba analia, lakini jambo la kuchekesha likipita anaweza kuliona. Huzuni ya msiba inakuja, inaondoka, inarudi Jumapili jioni wakati nyumba imenyamaza. Sonona haikunipa nafasi hiyo. Ilikuja miezi baadaye, wakati kila mtu alishaamini kwamba nimepoa. Nilikuwa naamka saa tisa ya usiku na kukaa macho mpaka kukuche. Bukari niliinyofoa, nikaichovya kwenye sombe (kisamvu), nikaiacha sahanini. Darasani nilisimama mbele ya ubao nimeshika chaki, watoto wakinisubiri, nami sikumbuki nilitaka kuandika nini. Mwili wote uliniuma. Na ndani ya kichwa sauti yangu mwenyewe ikinihesabia makosa ya miaka thelathini, mpaka mtoto niliyemchapa akiwa darasa la pili, ambaye leo ana watoto wake.

Majirani walisema nina mawazo mingi. Walikuwa sahihi kwa kiasi chao.

Zahanati ya karibu ilinipima malaria na tifo (taifodi), ikanitibu vyote viwili, nikarudi, ikanipima tena. Simlaumu nesi, mtu anayekuja akisema kichwa kinauma, mwili umechoka na chakula hakipiti, huku kwetu anafikiriwa hivyo kwanza. Lakini pesa ilikwenda huko. Nyingine ilikwenda kwenye chumba cha maombi ambako niliambiwa ni roho ya mume wangu inayonivuta, na kwamba kufunguliwa kunahitaji sadaka. Mimi ni mtu wa sala mpaka leo, na nilisali nikiwa mgonjwa hata pale nilipohisi sina anayenisikia. Ninachosema ni kwamba tulikuja kuikosa pesa ile wakati wa kununua dawa, na kwamba wanangu walikopa kwa jambo ambalo halikunisaidia. Kama mgonjwa wako ana wiki mbili na zaidi moyo ukiwa mzito karibu kila siku, au amepoteza hamu ya yale yote aliyoyapenda, na pamoja na hayo halali, hali, hana nguvu, anajiona hafai, mpeleke kwa mtu anayejua magonjwa ya akili mapema. Sala iendelee sambamba.

Sasa nije kwenye vichekesho.

Wanangu wawili wako nje ya mji, mmoja Kolwezi na mwingine Kinshasa. Walinitumia video za wachekeshaji kwenye simu, asubuhi na jioni. Wifi yangu alikuwa anakuja kila Jumamosi kwa sauti kubwa, anapiga makofi mlangoni: "Mama, lelo tunacheka!" Kwenye kanisa dada mmoja alinishika mashavu kwa vidole viwili akayavuta juu. Wote walifanya hivyo kwa mapenzi. Mimi nilikuwa natazama video mpaka mwisho nikielewa kila neno, nikijua hasa mahali ambapo ningepaswa kucheka, na hakuna kitu kilichotokea ndani. Ndipo hofu ilipozidi. Niliwaza: hata hiki kimekwisha. Sonona inaondoa uwezo wenyewe wa kuonja raha, na hiyo ni moja ya dalili zake kuu mbili. Kumwambia mtu wa hali hiyo acheke ni kumwekea mahindi ya kuchoma mtu ambaye meno yake yameng'oka: anayapenda bado, na kuyaona kunamkumbusha alichopoteza.

Kwa hiyo nilijifunza kucheka kwa mdomo. Wifi akisimulia, naangalia uso wake, ukianza kukunjuka nami nakunjua wangu. Alikuwa anaondoka ameridhika, anawaambia watu naendelea vizuri. Nikifunga mlango nilikuwa nalala chini kwenye saruji kwa uchovu. Jambo hili naomba lisisahauliwe na familia yoyote: tabasamu la mgonjwa wa sonona halipimi kitu. Watazame usingizi wake, chakula chake, kuoga kwake, kama anajibu simu. Hivyo vinasema ukweli.

Binti yangu mkubwa, ambaye ninaishi naye, ndiye aliyekataa kuridhika. Mwenzake wa kazini alikuwa na kaka aliyetibiwa sonona, akamwelekeza. Kwa wasomaji wa hapa: Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha shirika la watawa Wakatoliki la Frères de la Charité, na jina hilo ni la daktari Mbelgiji wa karne ya 19 aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama binadamu. Hospitali nyingine kubwa pia zina madaktari wa fani hii, uliza. Niliogopa sana kuonekana nikipita lango la mahali ambapo watu wanasema ni pa wendawazimu. Nilijifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso. Ndani nilikuta wamama wenye vikapu, mwanafunzi wa chuo, mfanyabiashara mwenye koti zuri, kila mmoja akitazama sakafu.

Daktari aliniuliza maswali kwa muda mrefu, akapima na damu, akaniandikia amitriptyline, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Alinionya kwamba mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, nitasinzia, na nikisimama ghafla nitaona kizunguzungu. Yote yalitokea. Alinionya pia kwamba moyo hautabadilika kwa siku mbili, nisubiri wiki kadhaa, na kwamba wagonjwa wengi wanaiacha dawa katika kipindi hicho kwa sababu wanapata madhara yake kabla ya faida. Usingizi ulirudi kwanza. Kwa mshahara wa mwalimu dawa yenyewe iliwezekana. Kilichotuumiza ni teksi, vipimo, na yale madeni ya nyuma.

Kicheko cha kwanza kilikuja katika kipindi hicho, na hakuna aliyekiandaa. Mjukuu wangu alikuwa anakaa nami mchana baada ya shule. Hakuwa na mpango wowote na mimi. Alikuwa anacheza mpira wa makaratasi uani peke yake, anajitangaza mwenyewe kwa sauti ya redio, Mazembe, timu ya mji wetu, dhidi ya dunia nzima. Akafunga bao. Kisha akakaa chini na kuanza kuruka kwa makalio kuzunguka ua, miguu mbele, mikono ikipiga hewa, vile alivyofanya kipa Robert Kidiaba mwaka 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya klabu za dunia. Mtoto hakuwa amezaliwa mwaka huo. Ameirithi ile shangwe kwa baba yake, na watoto wote wa mtaa wanayo. Aliruka mpaka akafika kwenye beseni la nguo nilizokuwa nimeloweka tangu asubuhi bila kuzifua, akalipindua, akabaki amekaa katikati ya povu, akanitazama kwa uso wa mtu aliyefungwa bao. Akasema: "Bibi yangu, arbitre (refa) hajaona."

Kitu kilinitoka kifuani. Kilikuwa kifupi, karibu na kikohozi. Mtoto alicheka aliponisikia, nami nikacheka tena kwa sababu yake, halafu nikalia sana, yeye akiwa amelowa, amenishika goti. Binti yangu aliporudi na kukuta macho yangu mekundu aliogopa. Nilimwambia usiogope.

Nimewaza sana kwa nini ilikuwa vile. Mtoto hakuwa ananitazama kuona kama nitacheka. Hakuwa na haja na kicheko changu. Alikuwa anaishi, nami nilikuwa karibu. Halafu yeye ni mjukuu. Ananiita bibi yangu, ananiuliza kila siku nampikia nini na kwa nini nimezeeka kabla hajanilipia mahari, na utani huo ulikuwepo kabla ya ugonjwa, haukuletwa na ugonjwa. Kwetu si kila mtu anaweza kumtania kila mtu. Mkwe hataniwi, na mkwe hatanii; ukimtuma mkwe wako akachekeshe mgonjwa umemtwisha mgonjwa kazi ya heshima juu ya ugonjwa. Mchungaji vilevile. Lakini wajukuu, binamu, watu wa kabila au ukoo ambao mna utani nao tangu zamani, hao mlango wao uko wazi, na wakinyamaza ghafla kwa kuwa umeugua, nao ni kama wamekuzika. Wazee wetu waliwapanga watu wa utani kwenye kilio kwa sababu walijua ni nani anayeweza kusema neno la kuchekesha mbele ya maumivu bila kuyadharau. Nashauri kila familia yenye mgonjwa ijiulize: huyu wetu, mtani wake ni nani? Huyo aitwe. Wengine walete unga.

Na huyo mtani aje kukaa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 kazi ya kuwafundisha kina bibi wazee wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa wa sonona wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakufundishwa kuchekesha. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange tatizo moja la kushughulikia. Nilipolisoma hilo nilifurahi, kwa sababu ndicho nilichokikosa siku zile za video: mtu wa kukaa kwenye mkeka, anachambua majani ya sombe, haniulizi kitu.

Baadaye nesi aliniingiza kwenye kikundi cha wagonjwa, kila Alhamisi alasiri. Huko ndiko nilikojifunza mengi, na nitakaa hapo kidogo.

Mwanzoni tulikuwa tunasema jina na jinsi wiki ilivyokwenda, basi. Siku moja mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa reli na mtu wa Lupopo, timu pinzani ya Mazembe, mpaka kwenye mifupa, aliulizwa wiki yake ilikwendaje. Akasema alikaa kitandani kuanzia Jumatatu, mke wake akamwambia angalau amka ukafunge mlango wa kuku, naye akajibu acha wezi waje, labda watanibeba na mimi, nione mtaa mwingine. Tulicheka wote kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja wetu alikijua kile kitanda. Kijana mmoja wa Mazembe aliyekaa karibu naye akamwambia: "Muzee, hata mwizi anaogopa kubeba mutu ya Lupopo." Nesi mwenyewe alifuta machozi. Tulikuwa tumeucheka ugonjwa, tukiwa ndani yake, na hakuna aliyechekwa.

Kuanzia hapo nesi alitenga muda mwishoni mwa kikao kwa jambo moja la wiki lililokuwa na kichekesho ndani yake, hata kidogo. Asiyekuwa nalo alisema sina, na tukapita. Hiyo ruhusa ya kusema sina ilikuwa muhimu kuliko vichekesho vyote. Wakati mwingine mtu alileta kwenye simu igizo la zamani la Mufwankolo, mchekeshaji wa mji huu ambaye kundi lake lilicheza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi. Wazee walijua mistari kabla haijasemwa. Niliona kwamba kitu kinachojulikana kinamfaa mgonjwa kuliko kipya: akili iliyochoka haiwezi kukimbizana na mchekeshaji kijana anayesema haraka, lakini sauti uliyoisikia ukiwa binti, baba yako akiwa ameinamia redio, inakuja yenyewe.

Kazi ya kikundi katika kicheko ina maelezo yake. Robert Provine, mwanasayansi wa Marekani aliyetumia miaka kusikiliza watu wakicheka, aliona kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba sehemu kubwa ya vicheko haifuati kichekesho chochote. Inafuata maneno ya kawaida kabisa kati ya watu wanaopatana. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliocheka kweli pamoja waliweza kuvumilia maumivu zaidi baada ya kucheka. Nilipoyajua hayo nilielewa kwa nini simu iliyojaa video haikunisaidia nikiwa peke yangu chumbani, na mzee mmoja wa reli alinisaidia.

Lakini tusizidishe. Watu wanaohubiri kicheko hupenda kumtaja Norman Cousins, mwandishi wa Marekani aliyeugua mwaka 1964, akatazama filamu za kuchekesha, na kusema kwamba dakika kumi za kicheko cha kweli zilimpa saa mbili za kulala bila maumivu. Ugonjwa wake ulikuwa wa viungo na uti wa mgongo, na alikuwa na daktari wake pembeni. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa sonona nyingi ni ndogo, na nafuu zinazoonyesha ni ya kiasi, juu ya matibabu mengine. Mwenye sonona kali akiambiwa aache dawa acheke, ameuawa na aliyemshauri.

Tulijaribu pia kucheka kwa mazoezi. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo alituletea ile njia ya Madan Kataria, daktari wa Mumbai, India, aliyeanza mwaka 1995 na watu watano kwenye bustani: mnasimama duara, mnapumua, mnapiga makofi, mnajilazimisha kusema ho ho ha ha mpaka kicheko cha kweli kije. Mama mmoja muuza samaki aliipenda mno, akawa anaifanya hata sokoni kabla ya kupanga meza, na alisema inamwamsha mwili. Mimi ilinirudisha kwenye vicheko vyangu vya mdomo, nikaomba nikae kwenye kiti, nikaruhusiwa. Sioni haja ya kuamua nani alikuwa sahihi. Ijaribiwe, na anayeketi aachwe aketi.

Sasa jambo zito, na naomba lisomwe polepole.

Kulikuwa na kijana katika kikundi ambaye alituchekesha kuliko wote, na vichekesho vyake vyote vilikuwa juu yake mwenyewe. Alijiita mzigo wa familia, tani moja bila stakabadhi. Alisema siku akiondoka bei ya unga itashuka nyumbani kwao. Alikuwa na kipaji, tulicheka kila mara. Nesi peke yake alikuwa anaacha kucheka mapema. Siku moja alibaki naye baada ya sisi kutoka, akamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kijana alisema ndiyo, tangu muda mrefu, na kwamba amekuwa akitusimulia kila Alhamisi. Familia iliitwa siku ileile, hakuachwa peke yake, dawa zikashikwa na mama yake, akalazwa. Yuko hai na ameoa.

Rod Martin, mwanasaikolojia wa Kanada, na wenzake walichapisha mwaka 2003 kipimo kinachogawa ucheshi katika aina nne: wa kuwaunganisha watu, wa kujipa moyo mwenyewe katika shida, wa kuwaumiza wengine, na wa kujidunisha ili wengine wafurahi. Huu wa mwisho unaendana na sonona, na anayeufanya mara nyingi ndiye anayependwa zaidi mezani. Mgonjwa wako akianza kutania kuhusu kifo chake, kuhusu familia kupumzika naye, usicheke ukapita. Muulize kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kunampa mahali pa kulitua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu na chochote cha kujidhuru, mpeleke hospitali siku hiyo.

Kuna na upande wa pili. Mama mmoja wa kwetu alianza kucheka sana, tukashangilia. Lakini alikuwa halali, anaongea bila kupumzika, amegawa pesa ya duka kwa wapita njia. Huo haukuwa uponyaji. Ulikuwa ugonjwa mwingine unaopanda na kushuka, na daktari alibidi kumbadilishia dawa. Kicheko kinachokuja na kukosa usingizi na matumizi ya ajabu kipelekwe kwa daktari haraka. Na mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeamini watu wanamsema, msitanie karibu naye mpaka atulie, maana kila kicheko atajua ni chake.

Wenzangu huniuliza waanze vipi nyumbani. Nawaambia utani wa asubuhi uachwe. Kwa wengi wetu asubuhi ndiyo saa mbaya zaidi, na jioni mtu anapata unafuu kidogo. Msiucheke uso wa mgonjwa, unene au wembamba wake, kusahau kwake, kulia kwake. Yeye mwenyewe akiufungua mlango kwa kusema neno la kuchekesha juu ya ugonjwa wake, ingieni taratibu, lakini asiingie mtu kabla yake. Wifi yangu nilimweleza haya nilipopata nguvu. Alilia, akaacha makofi mlangoni, akawa anakuja na mahindi tunayapukuchua pamoja. Ni mcheshi kwa asili yake, na kwa kuwa hakuwa tena ananipima, nilianza kumcheka kweli.

Kuhusu dawa, nilitaka kuziacha mara tu nilipoanza kula na kufundisha vizuri. Daktari alikataa. Alinieleza kwamba mtu akishapata nafuu anaendelea nazo miezi tisa mpaka kumi na miwili bila dalili, ndipo zinapunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Nilikubali. Sasa nimeshapunguziwa, nimebaki na kipimo cha chini cha usiku, na binti yangu ana orodha ya dalili zangu za kwanza, usingizi ukiwa wa kwanza, ili anikumbushe kurudi nisipojiona mwenyewe.

Kikundi chetu bado kinakutana Alhamisi. Anayetaka kuanzisha kwake atafute kwanza nesi au mwanasaikolojia anayekubali kuwepo, kwa sababu ya siku kama ile ya kijana wetu. Kisha watu wachache, wasizidi kumi, chumba chenye mlango unaofungwa, viti, chai. Mkubaliane kwamba yanayosemwa hayatoki nje. Kichekesho kiwekwe mwishoni, baada ya kila mtu kusikilizwa, na anayesema hana apitwe bila kuulizwa kwa nini.